Ndugu yangu anaenda chuo cha polisi, na mama ananiambia ninyamaze

Admin, jina langu liache pembeni, maana watu wa kwetu ni wengi kwa hii page.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na saba, nasuka nywele hapa Kakamega mjini na ninaishi Amalemba. Nyumbani ni upande wa Ekero, kwenye miwa. Tumezaliwa wawili tu, mimi na ndugu yangu mdogo, nitamwita Shiundu. Mwaka huu alichukuliwa kwenye usajili wa polisi. Siku hiyo alikimbia kwa shida, akaponea chupuchupu, na akaonywa kwamba chuoni mbio ni kila asubuhi. Akahamia kwangu nimfundishe, kwa sababu nikiwa sekondari nilikuwa nawakilisha shule kwenye mbio.

Tulianza polepole, kutembea kidogo na kukimbia kidogo, mwendo ambao mtu anaweza kupiga stori bila kuhema. Baadaye nikamwongezea umbali, halafu kasi: anafyatuka, anapumzika, anafyatuka tena. Jumamosi tulipanda pikipiki hadi Isecheno tukakimbia milima ya msituni. Mwili wake ulibadilika. Mimi mwenyewe nikaanza kuachwa nyuma, na nilifurahi sana.

Ni huko Isecheno alikoanguka. Alikuwa mbele yangu tukipanda mlima. Nilipokata kona nikamkuta amelala kifudifudi barabarani. Hakuwa amejikwaa. Nilimgeuza, macho yalikuwa wazi lakini hayanioni, na midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Nilimwita jina lake mpaka sauti ikanikauka. Ghafla akavuta pumzi kubwa, akaniuliza mbona tumesimama.

Ile sura nilikuwa nimeiona. Baba yetu alianguka hivyo hivyo akipakia miwa kwenye trela, nikiwa darasa la sita. Yeye hakuamka. Kwenye matanga ikasemwa kwamba amerogwa na baba mdogo, kwa sababu walikuwa wamegombania mpaka wa shamba. Vijana wa kijiji wakachoma nyumba ya baba mdogo. Akakimbilia Lugari na watoto wake, na hajarudi mpaka leo.

Nilimsihi Shiundu twende hospitali. Akakataa kabisa.

"Kwenye usajili walinipima wakasema niko sawa," akaniambia. "Wewe ukinipeleka wapate kitu, hiyo nafasi inapewa mtu mwingine. Dada, usiniue."

Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa, lakini wiki iliyofuata, tukiwa uwanjani, alichuchumaa ameshika kifua, akasingizia njaa. Hapo nikapanda gari nikaenda nyumbani kumwambia mama.

Nilimkuta anachambua mboga ya murere kwenye ungo. Nilimweleza kwamba Shiundu ameanguka akikimbia, basi. Hakushtuka. Aliendelea kuchambua, halafu akaniuliza taratibu, "Midomo ilikuwa kama majivu?"

Sikuwa nimetaja midomo.

Nilimuuliza amejuaje. Akasema, "Babako alikuwanga hivyo tangu anioe. Anaanguka, anaamka, tunanyamaza. Hakutaka watu wajue."

Nikamuuliza, na baba mdogo je? Akaweka ungo chini, akaniangalia vile hajawahi kuniangalia.

"Hayo yalipita. Ukisema ya Shiundu leo, kesho wataniuliza nilijua ya babako tangu lini. Watoto wa huyo mtu ni wakubwa sasa. Unataka waje hapa?"

Akaongeza kwamba Shiundu bado kijana, damu yake ina nguvu, tutamwombea. Nilirudi mjini nikiwa kama mtu aliyepigwa.

Tangu siku hiyo nimejaribu kumpunguzia mazoezi. Namwambia miguu inaniuma, namwambia mwili unataka kupumzika. Ameshagundua. Sasa anaamka anaenda peke yake, na mimi nakaa mlangoni mpaka nimwone akirudi.

Jumapili iliyopita kanisa lilimwombea kabla hajasafiri. Wazee walimwekea mikono. Mama alikuwa amekaa karibu yangu, amenishika kiganja, na kila nilipojisogeza alikibana zaidi. Shiundu akapewa nafasi ya kusalimia watu. Akanionyesha kwa kidole, akasema, "Huyu dada yangu ndiye amenipa hii pumzi." Kanisa lote likanipigia makofi. Nilitabasamu, mama bado amenibana kiganja.

Jumatatu hii inayokuja anaripoti. Huko hakuna wa kumwambia apunguze mwendo. Nikisema chuoni, nimemkatia riziki na hatanisamehe. Nikimtafuta baba mdogo nimwambie ukweli, nimemweka mama yangu mzazi hatarini. Nikinyamaza, simu ikilia kutoka huko nitakuwa najua imeleta nini kabla sijaishika.

Ninyi wenye ndugu, na ninyi mliopitia hicho chuo, naomba mnishauri bila matusi. Nivunje kiapo au nimwache aende? Na kama ni kuvunja, nianze na nani, maana siku zimebaki chache?