Alama Sikioni

Sina jema la kusema juu ya yule Dokta, na wala sijalitafuta. Watu huniambia nimsahau, yameisha, panya wenyewe ni panya tu. Mimi siwezi. Nikipita dukani nikaona maka peni zimepangwa kwenye kopo, natoka bila kununua kitu.

Alitoka Dar na gari jeupe, kofia pana yenye kamba kidevuni, na masanduku ya mitego ya bati inayokunjika. Alikuwa anatafuta panya. Si wale wa ghalani. Panya wa mwituni, wa porini na mashambani upande wa Inyonga, ili ajue nani ni ndugu wa nani na walitengana vipi. Hayo, alisema, yameandikwa katika vinasaba vyao, na kipande kidogo cha sikio kinatosha kuyasoma. Alihitaji mwenyeji anayejua njia na asiyeogopa kung'atwa. Msimu mmoja nyuma nilikuwa nimefanya kazi kama hiyo na watafiti wengine, basi nikachukuliwa mimi.

Tulitega sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa kipande cha pori la miombo kilichobaki katikati ya mashamba, si kikubwa, unakizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Ya pili ilikuwa shamba la mahindi lililovunwa, ng'ambo ya barabara ya vumbi. Chambo kilikuwa karanga za kusaga zilizochanganywa na dagaa wa Kapalamsenga, na kwa hilo majirani walituchukia waziwazi. Mama mmoja aliniuliza kama panya wangu wanapenda na limao. Sikumjibu, kwa sababu nyumbani kwangu Kawajense, pale Mpanda mjini, wiki ile tulikuwa tunakula mchicha.

Asubuhi tulikusanya mitego. Dokta alikaa mezani chini ya turubai, anapima uzito, anaandika, anatazama simu isiyo na mtandao. Mimi nilimshika panya kwa ngozi ya shingo, nikamkata kipande cha sikio, nikakitia kwenye kichupa chenye spiriti, nikafunga, nikampa Dokta aandike namba, nikaenda kumrudisha panya alikotoka. Siku zote zile hakuwahi kuitazama mikono yangu. Alinyoosha wake tu, nami nikaweka kichupa.

Mimi ndiye niliyeona kwamba panya wale si sawa. Kwa macho huwatofautishi: rangi moja, mkia mmoja, tumbo la kijivu lilelile. Lakini wa shambani ukimtia kwenye mfuko wa kitambaa wa kumbebea anapiga kelele, anarukaruka, anang'ata hadi mfuko wenyewe. Wa porini anatulia. Unamshika, moyo wake unadunda kwenye vidole vyako, naye ametulia tuli. Tena sikuwahi kumkuta wa porini upande wa shamba, ingawa barabara ile hata kinyonga anaivuka. Nilipomwambia Dokta alicheka, akasema huo ni woga tu. Siku ya nne alimshika mwenyewe mmoja wa porini, akakaa naye muda mrefu, na hakucheka tena. Akasema huenda hawa wa porini ni jamii yao peke yao, wamebaki hapa baada ya miombo mingine kukatwa pande zote, na kama ni hivyo hawapo kwingine.

Pori lile lilikuwa na mwenyewe, mzee mkulima wa tumbaku. Alikuwa ameshapanga kulikata kabla ya mvua, apate shamba na apate kuni za kukaushia. Dokta alimwomba asubiri majibu. Mzee alifikiri, akasema yeye si mtu wa kubishana na elimu. Majibu yakija kabla ya mvua na yakisema pale kuna mnyama asiyekuwepo pengine, ataliacha pori na atatafuta kuni kwingine. Yasipokuja, anakata. Walishikana mikono mbele yangu. Nilifurahi kama mjinga, maana wale panya niliwaona mimi.

Sasa nieleze jambo moja la kwetu. Mimi ni Msukuma. Tulihamia huku na ng'ombe nikiwa mdogo. Baba alikuwa na ng'ombe wake na ng'ombe wa watu aliokabidhiwa awachunge. Ili wasichanganyike, wetu aliwakata sikio pembeni, mikato miwili inayokutana na kuacha pembe. Wa watu aliwakata ncha, moja kwa moja. Hata ngozi ikiwa imeanikwa ukutani ungejua huyu alikuwa wa nani. Mimi nilikuwa nashika kichwa cha ndama baba akikata, na mkono wangu ulijifunza bila kufundishwa. Basi nilipopewa kimkasi cha Dokta, wa shambani nikawakata ncha, wa porini nikawakata pembeni. Sikupanga. Wa shambani walikuwa wa watu. Wa porini walikuwa wa kwetu. Sikumwambia Dokta kwa sababu hakuuliza, na ukimweleza Dokta jambo lisilokuwa kwenye fomu yake anakutazama kama umekohoa kwenye chakula.

Lakini jambo la wino nilimwambia. Siku ya kwanza kabisa nilimwona anaandika namba kwenye vichupa kwa maka peni, nikamwambia aandike kwa penseli kwenye karatasi, atie ndani. Spiriti inakula wino. Hilo hata mke wangu analijua: watoto wakichafua shati la shule kwa kalamu, analitoa doa kwa spiriti na pamba. Dokta hakuinua hata kichwa.

"Hii kalamu imetengenezwa kwa kazi hii, bwana. Wewe kata masikio."

Nikakata masikio.

Siku ya mwisho gari lake liliharibika Inyonga, na kwa kuwa alikuwa na haraka, sanduku la vichupa lilikuja Mpanda kwa pikipiki, mimi nimelipakata nyuma ya dereva. Barabara ile inatikisa hadi meno. Kesho yake Dokta akafika, tukafungua sanduku kwenye chumba alichopanga, mwenye nyumba na wapangaji wawili wakiwa mlangoni kutazama mambo ya panya. Spiriti ilikuwa imevuja, na mtikisiko wa njia umeirushia vichupa vyote. Vichupa vyote vilikuwa safi, vinang'aa, na chini ya sanduku kulikuwa na maji ya buluu. Hakuna namba hata moja.

Dokta akawageukia wale wa mlangoni, wala si mimi.

"Huyu hakukaza vifuniko. Kazi yote imekwisha kwa sababu ya mtu mmoja mzembe."

Vitatu au vinne huenda sikuvikaza, nakubali, na nimekubali hata kanisani. Lakini kifuniko kikilegea spiriti inamwagika, basi. Kama namba zingekuwa za penseli, ndani ya kichupa, zingekuwepo mpaka leo. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ya kawaida. Akasema nisimfundishe kazi. Mwenye nyumba akaguna kwa kunisikitikia, na mguno ule uliniuma kuliko maneno ya Dokta. Jioni hiyohiyo Kawajense nzima ilikuwa inajua nani ameharibu utafiti.

Baada ya siku mbili alikuja nyumbani. Nilikuwa natengeneza kiti kilichovunjika mguu. Mke wangu alimtolea stuli, akakaa, kofia mkononi. Alionekana amekonda. Alisema daftari lake lipo lote, uzito na jinsia na tarehe, lakini hajui kichupa gani kimetoka porini na kipi shambani. Angejua hilo tu, hata bila namba, kazi ingeokoka: anawatenga makundi mawili, anawalinganisha, majibu yanatoka kabla ya mvua. Akaniuliza kama kuna chochote ninachokumbuka.

Nilikuwa najua. Sikuhitaji hata kuvitazama: ungemimina kila kipande kwenye kisahani, chenye pembe hapa, kilichonyooka pale. Kazi ya asubuhi moja. Nilisubiri. Nilikuwa nataka neno moja kutoka kwake, kwamba wino ulikuwa wake. Hata asingesema samahani. Aseme tu pale uani, mke wangu akisikia, na ningeinuka nikaenda naye. Alikunjakunja kofia, akatazama kuku, akaniambia ananiuliza kwa faida ya sayansi.

"Sikumbuki, Dokta," nikasema. "Mimi nakata masikio tu."

Alipoondoka, mke wangu, ambaye nilikuwa nimemweleza habari za ng'ombe wa baba na jinsi nilivyokata yale masikio, alisimama mlangoni na taulo begani.

"Baba nanihii, mbona unajua?"

Nikamwambia aniache. Akaniacha, na siku ile nilikula peke yangu. Dokta alirudi Dar wiki hiyo. Mwenye nyumba alinisimulia baadaye kwamba alivimwaga vile vichupa kwenye shimo la taka, kimoja kimoja, kisha akaosha chupa na kuondoka nazo.

Mzee wa tumbaku alitimiza ahadi yake. Alisubiri mpaka mawingu ya kwanza, akatuma mtu kuniuliza kama kuna majibu, nikasema hakuna. Akakata. Sikwenda kuangalia.

Nilikwenda mvua zilipokuwa zimeshika, na mitego mitatu niliyoitengeneza mwenyewe kwa makopo ya mafuta ya kupikia. Lilipokuwa pori palikuwa na matuta ya tumbaku, miche imeshapata majani mapana, na visiki vyeusi katikati. Nilitega jioni. Asubuhi mtego mmoja ulikuwa umefunga, na kabla sijaufikia niliusikia: kelele na kurukaruka, bati linagonga. Nikamtia mfukoni, nikamshika shingo, akanipata kwenye kidole gumba hadi damu. Nikamgeuza kichwa. Sikio la kulia lilikuwa limekatwa ncha, moja kwa moja, kidonda kimepona vizuri. Nilimkata mimi mwenyewe, ng'ambo ya barabara.

Nilitega siku tatu zaidi. Wote walipiga kelele.

Bado namchukia yule Dokta, na nikikutana naye sitampa mkono. Ila huyo panya hakunikumbusha Dokta. Alinikumbusha uani kwetu, kile kiti kilichovunjika mguu, na mimi nimenyamaza na jibu mdomoni. Nilifungua mkono, akakimbilia kwenye matuta ya tumbaku, nami nikaokota makopo yangu nikaenda kusubiri gari la Mpanda.