Kituo cha Sita Kilijibu

Kisa hiki sikusimuliwa na mtu. Kilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua la mji wetu wa Baraka likiunguza utosi, na nilikuwa na akili zangu timamu. Ukitaka kucheka, cheka sasa, halafu tuendelee.

Kazi yangu ni kutunza mtandao wa vituo vya afya. Picha na sauti ya daktari hutumwa mara moja tu kutoka chumba chetu hapa Baraka. Kila kifurushi hubandikwa lebo, na mashine za njiani husoma lebo bila kufungua mzigo. Njia inapogawanyika, mashine hutoa nakala: hii ya Nundu, hii ya Fizi, hii ya Minembwe, mpaka vituo vyote vitano vipate. Nikitaka kujua nani hapati, natuma mwito kwa njia hiyohiyo, na kila kituo hurudisha jina lake. Nimeviagiza vingoje kidogo, kila kimoja kwa muda wake, ili majibu yasisongamane.

Asubuhi hiyo Minembwe haikujibu. Na kule juu milimani Minembwe muuguzi wetu, Nyota, alikuwa na mama mwenye mapacha, uchungu umeshaanza, mtoto wa kwanza ametanguliza matako. Barabara ya kushuka ilikuwa haipitiki. Daktari alikuwa ameketi karibu yangu na mwanasesere wake wa kufundishia, tayari kumwonyesha Nyota namna ya kumpokea mtoto, na picha haiendi.

Nikampigia Nyota simu, ikawa inakatika-katika. Nilimgombeza, lazima niseme ukweli. Nilimwambia amezima mashine.

"Mama, miye siyazima kitu," akasema. "Machine iko inawaka. Ni bintu munatuma, ile picha, ndiyo hainifikie."

Sikumwamini. Nikatuma mwito tena, nikahesabu majibu: manne, kisha, baada ya kimya kirefu, la tano. Nilifurahi mpaka niliposoma jina. Lilikuwa Kituo cha Sita.

Sasa nisikilize vizuri. Kituo cha Sita kilikuwa zahanati ndogo kwenye barabara ya Fizi, ikafungwa watu walipokimbia vita. Mashine yake niliibeba kwa mikono yangu. Iko kwenye rafu nyuma ya kiti changu, haina hata waya mmoja. Niligeuka nikaitazama, iko palepale na vumbi lake. Nikatuma mwito mwingine, nikaagiza Sita peke yake ajibu. Akajibu.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilidhani kuna mwizi ameunganisha mashine yake pale. Hasira zilinipanda, ila hamu ya kujua ilizidi hasira. Nikabeba kompyuta, nikapanda pikipiki ya Wilondja, dereva wangu wa siku zote.

Tulikuta kuta bila paa. Mnara ulishang'olewa, umebaki msingi wa simenti tu, na juu yake ameketi mzee mwenye kofia ya sufu ya kijani, anachoma muhogo. Wilondja alimwamkia, akapewa kipande, akala. Kumbuka hilo, alikula.

"Munafika," mzee akaniambia. "Mi niko najiuliza mutafika siku gani."

Nikamwuliza mashine iko wapi.

"Bintu ya Minembwe iko inakuja hapa kwangu. Miye nafanya nayo nini? Murudishie ule mama wa kule juu bintu yake." Akageuza muhogo. "Na kila asubui munaniita. Mutu anaitwa, atanyamaza? Mukimaliza, musiniite tena, mama. Nimechoka."

Kama mzigo wa Minembwe ulikuwa ukifika pale, basi kosa lilikuwa njia inapogawanyika. Tukapanda kilimani, kwenye mashine inayogawa njia. Nilipofungua orodha yake nilitamani ardhi inimeze. Nilipoondoa kile kituo, niliuacha mstari wake humo. Radi ilipoizima mashine usiku wa kuamkia siku hiyo na ikawaka upya, ikavibandika vifurushi vya Minembwe lebo ya Sita, ikawa inavimwaga vyote pale kwenye simenti. Kosa lilikuwa langu, na mimi nilimgombeza Nyota. Nikasahihisha. Minembwe ikajibu.

Nyota alimwona daktari, akafuata mikono yake hatua kwa hatua. Mapacha wako hai, mama yao pia. Nilimwomba Nyota radhi, akacheka tu kwa uchovu.

Kosa nililielewa. Aliyejibu ndiye sijamwelewa mpaka leo. Tuliporudi pale kwenye zahanati hakukuwa na mzee, wala majivu. Mama mmoja aliyekuwa akilima kando ya barabara alinisikiliza nikieleza ile kofia, akaegemea jembe lake.

"Ule ni Papa Asukulu, sentinelle, mulinzi wa dispensaire. Alikataa kukimbia, eti hawezi acha machine. Tulimuzika pale nyuma ya ukuta."

Wilondja alitema mate, ingawa muhogo ulishashuka zamani. Mpaka leo ukimpa muhogo wa kuchoma anaondoka.

Ofisini nilipekua kumbukumbu. Kompyuta yangu hupiga kelele kituo kikikosa kujibu. Jina la Sita halikuwahi kufutwa kwenye mwito, kwa hiyo ilipaswa kupiga kelele tangu siku nilipoibeba ile mashine. Miezi yote hiyo ilikuwa kimya, nami sikujiuliza kwa nini. Sita alikuwa amejibu kila asubuhi, daima wa mwisho, baada ya wengine wote.

Kesho yake nilituma mwito wa mwisho, kwake peke yake. Safari hii alijibu papo hapo, hakungoja hata kidogo. Nikafuta jina, nikalia, sioni haya kusema.

Tangu hapo nasoma kila jina linalorudi. Nawe unayetunza orodha yoyote, ya kazi au ya simu yako tu, usidhani asiyekuwepo hasikii. Kuna wanaokesha kwa sababu tu bado unawaita.