Kamba ya Katani Mlangoni

Kabla sijaeleza nilivyoshindwa, nieleze nilivyojiandaa, kwa sababu mpaka leo naamini hakuna mtu katika kata yetu aliyewahi kugombea udiwani akiwa amejiandaa kama mimi.

Mimi ni fundi wa vyerehani. Shule niliiacha darasa la saba. Mengine nimeyaokota mwenyewe, kitabu baada ya kitabu, nikisubiri wateja. Nilipoamua kugombea, niliomba kuonyeshwa kitabu cha bajeti ya halmashauri, nikakaa nacho kwenye benchi la ofisi siku kumi na moja, nikinakili kwa mkono. Sikuwa natafuta wizi, na sikuuona. Nilichokiona ni mazoea. Ushuru wa meza, ule wanaotozwa kina mama wa mihogo na samaki wa kukaanga, ulihitaji watu wa kuukusanya, vitabu vya risiti, na mtu wa kuwasimamia wakusanyaji. Ukiondoa gharama hizo, kilichobaki kilikuwa kidogo mno kulingana na usumbufu wake. Hoja yangu ikawa moja: halmashauri itumie kidogo, ili itoze kidogo. Niliigawa katika vipengele saba. Kila kipengele kilikuwa na kurasa mbili na jedwali lake, nikapiga mistari kwa rula.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana yangu pale Chumbageni, kuna banda la nazi. Mwenye banda ni Mzigua wa Mwera, huko Pangani, anakotoa nazi zake na kuja kuziuza kwa jumla. Tulikuwa tumetazamana miaka kumi na miwili. Siku mbili baada ya mimi kuchukua fomu ya chama, alivuka barabara, akasimama mlangoni kwangu na kifuu mkononi.

"Mtani, nami nimechukua."

"Umechukua nini?"

"Fomu. Sasa usinune. Ukinuna unafanana na cherehani iliyokatika mkanda."

Nikamuuliza atasimamia hoja gani.

"Si ile yako? Ushuru ushuke. Miaka mitatu unanihubiria hapa, ulidhani masikio haya ni ya kuning'inizia barakashia?"

Aliniita mtani kwa haki. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi, aliletwa pwani akiwa kijana kukata mkonge, manamba miongoni mwa manamba, na Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za babu zao. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, kula chakula chako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Na msiba ukikufika, mtani ana kazi maalumu: anazuia, anadai, anamwigiza marehemu, mpaka waliokuwa wanalia wacheke. Haya yote niliyajua. Niliyajua kama ninavyojua mambo mengi, kwa kuyasoma na kuyasikia.

Nilichokuwa nacho juu ya mtu yule ni wivu. Nimejaribu maneno mengine na hayatoshi. Sikumtakia mabaya. Nilitaka kile alichokuwa nacho, na kilichonitesa ni kwamba hakukitolea jasho. Akipita sokoni watu walimwita kutoka pande tatu kwa mpigo. Mimi nilipita sokoni nikiwa na daftari, na watu wakadhani nimekuja kukusanya ushuru.

Lakini pale palipouma zaidi ni nyumbani. Baba aliishi kwangu miaka yake tisa ya mwisho. Mimi ndiye niliyemkata kucha, nikampeleka hospitali, nikamsomea gazeti. Kila siku baada ya swala ya alasiri mwenye nazi alivuka barabara, akaja kwenye kiti cha baba kilichokuwa mlangoni pa karakana.

"Mwadila, manamba! Bado hujafa tu? Unatusubiri sisi tutangulie?"

Baba alimwitikia kwa Kinyamwezi, lugha ambayo mimi sikujifunza, kisha akacheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimeinama juu ya cherehani ya mtu, nikisikiliza. Kwa miaka tisa baba alinishukuru kwa kila nilichomfanyia, kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru karani wa posta.

Chama kilituita wagombea tujieleze mbele ya wajumbe, dakika tano kila mmoja. Nilifika kipengele cha tatu kengele ikagongwa. Watu walinipigia makofi ya heshima. Akasimama yeye, hana hata karatasi.

"Mtani wangu ana vipengele saba," akasema. "Mimi kichwa changu kinabeba kimoja. Mama wa mihogo anatozwa ushuru asubuhi, kabla hajauza kipande. Hivi jamani, hii si sawa na kumdai bibi harusi mtoto siku ya posa?"

Ukumbi ukaanguka kicheko. Ile ilikuwa hoja yangu, kipengele cha kwanza, ukurasa wa pili, bila jedwali. Nikageuka kumtazama mke wangu aliyekuwa amekaa na kina mama upande wa madirisha. Alikuwa amejifunika uso kwa upande wa kanga na mabega yanamtikisika. Kicheko kile nilikifahamu. Alikuwa nacho tulipooana, na sikujua kwamba bado anacho.

Tukiwa njiani nilimwuliza nini kilichomchekesha.

"Si ile ya posa," akasema, akaanza tena.

"Ile hoja ni yangu."

"Najua ni yako, baba watoto. Nimeisikia kila siku chakulani."

Siku nne kabla ya wajumbe kupiga kura, baba alifariki, asubuhi, kwenye kiti chake. Kabla hata sijamaliza kuwapigia simu ndugu, mwenye nazi alikuwa ameshafunga banda na kuvuka. Alipanga viti na akatafuta turubai. Aliketi na wazee waliotoka mashambani kwenye mkonge, akawauliza habari za baba alipokuwa kijana. Mimi niliandika orodha ya mahitaji.

Siku ya mazishi ua ulijaa. Padri alikuwapo, wajumbe wengi walikuwapo, na katibu wa chama wa kata pia. Tulipoliinua jeneza kulitoa ndani, tukakuta kamba imefungwa mlangoni, kamba nene ya katani, kutoka bawaba hadi bawaba. Nyuma yake alisimama mwenye nazi. Amevaa kofia ya baba, koti la baba amelipindua nje ndani, majivu usoni, na mkononi ana panga la mti. Aliinama akawa anakata mkonge hewani, akisimama kila baada ya mikato michache kujishika kiuno, sawasawa na baba, hata ile namna ya kupuliza shavu moja. Dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa hajanyamaza tangu alfajiri, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Hatoki mtu!" mwenye nazi akapiga kelele. "Hiki ni kizuizi! Manamba huyu amekula nazi zetu miaka sitini, leo anatoroka bila kulipa ushuru? Nani msimamizi wa mzigo huu?"

Watu wakanisukuma mbele.

"Ahaa! Mpunguza ushuru mwenyewe! Haya, kwa heshima yako tumepunguza. Ilikuwa elfu kumi, toa elfu tano, na risiti hakuna!"

Ua mzima ulicheka, padri naye. Wote walinitazama wakingoja. Kilichotakiwa kilikuwa kitu chepesi: nikatae kwanza, nimtukane, niseme Wazigua hata maiti wanaiwekea bei, kisha nitoe noti. Mtoto wa miaka saba angejua.

Lakini mimi nilikuwa nimeisoma kanuni ya chama, nikaipigia mstari. Mgombea asitoe fedha kwa mjumbe. Na fedha ya utani hugawanywa kwa watani wote waliopo, na kati ya watani wale, wawili walikuwa wajumbe. Nilikuwa nimewaona, nilikuwa nimeshafikiria. Na chini ya fikra hiyo palikuwa na jambo jingine, ambalo siku ile nisingekubali hata kwa kiapo: amevaa koti la baba yangu, na limemkaa.

"Mtani," nikasema, kwa sauti ileile ya ukumbini, "mimi ni mgombea na wewe ni mgombea. Kanuni hairuhusu nitoe fedha mbele ya wajumbe. Naomba ufungue."

Kicheko kilikatika. Walioshika jeneza walihamisha uzito bega hadi bega. Sauti ya mama mmoja ilisikika kutoka upande wa jikoni: "Jamani! Baba yake mzazi!"

Mwenye nazi alinitazama. Sikuona hasira usoni mwake, wala ushindi; ningependa kusema niliona. Aliinamia bawaba moja akaifungua kamba polepole, akaivuta pembeni.

"Pita, baba," akaliambia jeneza. "Pita bure. Kwetu hukuwa na deni."

Dada yangu akafungua fundo la kanga yake, akamtia noti mkononi, na yeye akaipokea kama inavyotakiwa. Lakini hakuna aliyecheka tena mpaka makaburini. Wakati wa kufukia yeye alilia waziwazi, majivu yakimchirizika. Mimi macho yalikuwa makavu. Nilimwonea wivu hata machozi yale.

Kura zangu zilihesabika kwa vidole, na vidole vingine vikabaki. Mama mmoja muuza mihogo, ambaye alikuwa mjumbe, na ambaye ushuru wake ndio niliouandikia kurasa kumi na nne, alinifuata nje akaniamkia vizuri.

"Baba, hesabu zako nzuri. Hakuna anayekataa. Lakini mtu aliyeshindwa kumtoa babake mlangoni, sisi atatutoa wapi?"

Nilimweleza kanuni. Katibu wa chama alikuwa karibu, akasema bila kunitazama kwamba kanuni haikuhusu utani wa msibani, na kwamba kila mtu alijua hivyo. Nilirudi nyumbani nikaisoma ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Haikutaja utani popote. Ilikuwa imeachiwa watu wajue.

Mwenye nazi akawa diwani. Haukupita mwezi, alivuka barabara na kitabu cha bajeti kwapani, akakaa kwenye kiti cha baba. Hakuna aliyekuwa amekaa pale tangu msiba.

"Mtani, nisomee. Mimi nikiona tarakimu naona nazi zinadondoka."

Ningeweza kumwambia nina kazi. Nilimsomea. Kila Jumamosi, safu kwa safu, nilimfundisha kutofautisha kilichokadiriwa na kilichokusanywa, na namna ya kuuliza swali ambalo mkuu wa idara hawezi kulijibu kwa hotuba. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na hilo nalo liliniuma. Baadaye aliisimamisha hoja ya ushuru wa meza kwenye baraza, akaitetea, na ushuru ukaondolewa kwa wenye meza moja. Kina mama walimpikia pilau. Alipokuwa anakula aliwaambia kuwa hesabu zote ni za fundi wa cherehani. Wakacheka. Walidhani ni utani wake.

Mwaka jana mama yake alifariki, huko Mwera. Nilijua wajibu wangu. Niliitafuta ile kamba ya katani, ambayo dada yangu alikuwa ameihifadhi, nikaiweka kwenye mfuko. Usiku wa kuamkia safari niliandika maneno ya kusema, nikayafupisha mara tatu, nikayakariri. Mimi na mke wangu tulivuka mto kwa kivuko cha asubuhi, na njia nzima nikawa nayarudia maneno yale.

Walipokuwa wanalitoa jeneza, niliifunga kamba mlangoni. Nilifunga fundo baya. Yeye alikuwa ameshika mbele, upande wa kulia, macho mekundu. Nikafungua kinywa na maneno yangu yote yakaondoka, isipokuwa sentensi moja ya katikati.

"Mzigo huu," nikasema, "hauna risiti."

Niliwasikia kuku. Shehe akageuza uso kuangalia jua limepanda kiasi gani. Nikajua kwamba nimerudia kosa lilelile kutoka upande wa pili wa kamba.

Ndipo yeye, na mama yake begani, akageuza kichwa kuwatazama watu.

"Mnamsikia?" akasema. "Kwa baba yake alikataa kulipa. Leo kwa mama yangu anadai risiti! Mnyamwezi huyu tangu azaliwe hajapunguza kitu chochote isipokuwa kura zake!"

Ua ukalipuka. Wanaume walioshika jeneza wakayumba kwa kucheka. Noti zikaja kutoka kila upande, nyingine nikawekewa mfukoni, mtu akanitia majivu shavuni, mzee mmoja akanipiga mgongo akaniita mtani mbaya kuliko wote aliowahi kuwaona, kwa furaha kabisa. Niliifungua kamba. Nilikuwa nimefanya kazi yangu, au imefanywa.

Walipokuwa wanapita niligeuka. Mke wangu alikuwa mlangoni na kina mama wengine, amejifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yanamtikisika. Nilisimama pale na majivu usoni na kamba mkononi, nikangoja anitazame. Alikuwa anamtazama mwenye nazi, mpaka jeneza likapinda kwenye minazi.