Ala ya Bastola ya Katana

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika ngozi. Nilipewa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, na uzi uliopakwa nta, nikaambiwa nishone kipande cha gunia mpaka adhuhuri, kisha nikifumue, kisha nikishone tena. Fundi Mkuu hakuniangalia hata mara moja. Alikuwa mtu mwembamba, na karakana yake ilikuwa chumba cha chini katika nyumba ya ghorofa huku Mji wa Kale, mlango wake wa kuingia kwa kuinama. Alasiri alikichukua kile kipande, akakivuta kwa mikono miwili, uzi ukakatika. Akasema, "Huu ni mshono wa mtu mwenye njaa. Nenda kale, kesho urudi."

Basi nikarudi. Shule niliiacha darasa la tatu, chuoni, kwenye Kurani, nilihitimu, na haya niandikayo binti yangu hunisahihishia tahajia, lakini maneno ni yangu na akiyagusa namgombeza.

Kazi zetu zilikuwa makubadhi, mishipi, mikoba ya wasafiri, na ala za majambia kwa wale wenye harusi. Ala ni nyumba ya chuma. Chuma kikicheza ndani ya ala, ala imeharibika, na kikibana mpaka ukivute kwa nguvu, pia imeharibika. Ngozi tuliirowesha maji, tukaivisha juu ya kitu chenyewe au juu ya kigogo chenye umbo lake, tukaiacha ikauke na kushika umbo, ndipo tukatoboa kwa msharasi na kushona. Vijana wa leo wananunua vitu vilivyobanwa kwa mashine, vikikatika wanavitupa. Lakini hayo si niliyokusudia kuyasema.

Kazi iliyokuwa na heshima kuliko zote ilikuwa mikoba ya misahafu. Kwetu msahafu haubebwi chini ya kitovu, wala hautundikwi ubavuni ukapigana na nyonga kama kibuyu. Walimu wa vyuo waliokuwa wakienda kusomesha mashambani kwa baiskeli walitaka mkoba utakaokaa kifuani usicheze, hata mtu akiinama, hata akianguka. Fundi Mkuu alikuwa na mkato wake wa kazi hiyo. Mkanda mmoja hupita juu ya bega la kulia, karibu na shingo, mwingine hupita chini ya kwapa la kushoto na kuzunguka mbavu, na yote miwili hukutana mgongoni kwenye pete moja ya shaba. Uzito wote hubebwa na kifua na mgongo. Bega la kushoto halibebi kitu.

Mkato huo hakunifundisha mwaka wa kwanza wala wa pili. Aliponipa kiolezo, yaani kile kipande cha ngozi ngumu cha kupimia, alinitaka niwe na udhu. Akaniambia, "Nami nilipewa hivi. Huu ni wa Kitabu. Usiukate kwa kitu kingine ila uje kwangu kwanza." Nikamwitikia. Kijana huitikia upesi.

Baadaye nilikwenda Kilindini, kwenye karakana ya watu waliokuwa wakitengeneza vifaa vya bandarini, tukishona mikanda ya mashine na glavu za makuli. Huko tulikuwa na Bwana Msimamizi, mtu wa bara, mkali, asiyejua kuketi. Alikuwa akipita nyuma yetu akisema meli haingojei mtu anywe kahawa. Nami nilikuwa nikimjibu kimoyomoyo kwamba hata ngozi haingojewi na mtu asiyekunywa kahawa. Alinifunza jambo moja, nalo namshukuru: kabla ya kukata, mvalishe mtu kamba. Kamba ya katani tu, umfunge pale mkanda utakapopita, umwambie afanye kazi yake, uangalie inamkata wapi. Nilikaa huko miaka mingi. Ilipoanza miaka ya tisini kazi ya ngozi ikapungua, vikaja vya plastiki, tukaagwa. Nikarudi Mji wa Kale, nikapanga chumba kichochoro cha pili kutoka kwa Fundi Mkuu, ambaye wakati huo mato yalikuwa yamemwisha, haoni tena, na alikuwa akishinda barazani na tasbihi yake.

Hapo ndipo alipokuja Katana.

Katana alikuwa Mgiriama, Mkristo, mtu mzima wa rika langu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba kubwa la mifugo huko bara. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku miaka mingi, mjue hivyo, lakini mashamba machache yalikuwa na ruhusa ya serikali kupunguza kongoni, swala na choroa walipozidi, nyama ikauzwa. Wapigaji walikuwa wengine. Katana alikuwa mfuataji. Mnyama akipigwa vibaya akakimbia na risasi mwilini, kazi ya Katana ilikuwa kumfuata kwa damu na nyayo mpaka amfikie na kummaliza. Wengine walifuata mpaka jua likawachosha. Yeye hakuwa akirudi bila kumwona mnyama amelala.

Sasa, nyati alikuwa amemvunja mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa juu ya kifua. Ukaunga kombo. Bunduki ndefu hakuweza tena kuibeba wala kuituliza. Meneja wa shamba akampa bastola kubwa ya kuwindia, mtutu mrefu kama mkono wa mtoto, na juu yake imefungwa darubini, maana mnyama aliyejeruhiwa hakuachi umsogelee. Kuipiga aliiweza, kwa mikono miwili, ameegemea mti. Taabu ilikuwa kuibeba kutwa nzima.

Akanieleza yote, amekaa kwenye kigoda changu. Kiunoni, ile darubini ilikuwa ikishika kila mwiba, suruali ikashuka, na akitambaa bastola ikaburura mchangani. Darubini ikigongwa kidogo tu, risasi haiendi tena unapoangalia. Alijaribu ala ya begani iliyotoka ng'ambo, mkanda wake ukapita juu ya ule mtulinga mbovu, jioni mkono ukafa ganzi. Alijaribu kuitia kwenye mfuko mgongoni. Swala aliyevunjika mguu alisimama mbele yake, akamtazama akifungua vifungo, akaenda zake.

"Alinicheka," Katana akasema. "Nakwambia yule swala alinicheka kama shemeji."

Lakini yeye hakuwa akicheka. Meneja alikuwa amemwambia mvua zikianza atahamishiwa langoni, awe akifungua na kufunga, na mfuataji atakuwa kijana mwingine. Nikamuuliza, langoni kuna ubaya gani, kivuli kipo. Akasema kwamba yule kijana hufuata mpaka saa ya chakula. "Wanyama watabaki huko na risasi tumboni, siku mbili, siku tatu, fisi wakiwala kwa nyuma wangali hai. Nami nitakuwa langoni nasikia."

Nikamfunga kamba kama alivyonifunza Bwana Msimamizi. Nikampitisha huku na huku, kiunoni, pajani, chini ya makwapa yote mawili. Nikamwambia ainame, apige magoti, atambae sakafuni, na jirani yangu seremala akachungulia akauliza kama tunafundishana kuogelea. Kila tulipojaribu, kamba ilikata mahali au uzito ulicheza. Mwisho mikono yangu yenyewe ikampitisha kamba bega la kulia, kwapa la kushoto, mafundo yakakutana mgongoni. Nilijua nafanya nini. Katana akatambaa, akainuka, akageuka.

"Hapa," akasema. "Hapa sisikii kitu."

Nikaifungua ile kamba. Nikamwambia arudi kesho.

Usiku ule sikumwambia mke wangu neno. Ningeweza kukata tu, nani angejua? Fundi Mkuu alikuwa haoni. Lakini nilikuwa nimeitikia, na yule aliyeniitikisha alikuwa hai, vichochoro viwili kutoka kwangu. Asubuhi nikaenda barazani, nikambusu mkono, nikamweleza. Akasema hapana kabla sijamaliza. Hakukasirika. Alisema tu kwamba kilichokatwa kwa kubeba maneno ya Mungu hakitabeba chuma cha kuua, na akaniuliza kama mama yangu yu mzima.

Nikarudi na Katana. Sikujua ninalotaka, nilitaka tu amsikie. Fundi Mkuu akamkaribisha kwa adabu zote, akaagiza kahawa, akamuuliza habari za kwao, za mvua, za watoto, mpaka nikaona saa imesimama. Kisha akamwambia asogee, akampapasa ule mtulinga kwa vidole, polepole, kama anavyopapasa ngozi kutafuta kovu.

"Uliunga peke yake?"

"Peke yake, mzee. Hospitali ilikuwa mbali."

"Na huyo mnyama ukimmaliza, yualiwa na nani?"

Nilimkonyeza Katana aseme vizuri. Hakuniangalia. "Si nyinyi," akasema. "Yule anayefikiwa angali na nguvu, mchinjaji wetu Mwislamu humchinja. Mimi nampiga yule asiyefikika. Huyo hamumli. Mimi simpigi kwa ajili ya nyama, mzee. Nampiga apumzike."

Fundi Mkuu akazungusha tasbihi. Muuza kahawa alisimama na buli lake. Kisha akanigeukia, na mato yake yale meupe yakaelekea karibu na uso wangu.

"Mkato si wangu niuuze, wala si wangu niufiche mbele ya haja ya mtu. Kata. Lakini mkono uliokata ala ya bunduki kwa kiolezo hiki usirudi kukata mkoba wa msahafu. Hata mmoja. Umesikia? Chagua wewe, nami nitakuombea kwa lolote."

Katana hakuelewa uzito wa neno lile. Kwake ulikuwa ni mkoba na mkoba. Kwangu mimi, ile ndiyo kazi iliyonifanya niitwe fundi. Walimu walikuwa wakitoka Malindi kunitafuta. Ningeendelea na makubadhi na mishipi, chakula kisingekatika, lakini watu wangeuliza, na kuwaambia nisingeweza, maana jibu lingeonekana kama namlaumu mzee.

Nikasema, "Nimesikia. Nitamkatia."

"Haya. Mungu akusahilishie."

Bastola sikutaka ilale chumbani mwangu, na Katana hakuwa na ruhusa ya kuiacha. Seremala akamchongea kigogo cha mvule chenye umbo lake, na juu akapigilia kipande cha bomba badala ya darubini. Nikachukua ngozi ya mgongo wa ng'ombe, iliyodabighiwa vizuri isioze, nikairowesha, nikaivisha kile kigogo. Palipokaa darubini nikaacha ngozi ijitenge kidogo, kama paa juu ya dirisha, ili mwiba usiishike na ngozi yenyewe isiisukume. Niliilaza mshazari kifuani, mpini kuelekea mkono wa kulia, mtutu ukiangalia chini kwenye ubavu wa kushoto. Kifuniko nilikifunga kwa ukanda mmoja wa kuvutwa kwa kidole gumba, bila bizimu ya chuma, maana bizimu hulia, na swala husikia. Mgongoni, pete ya shaba.

Alipoivaa alizunguka chumba changu mara nyingi, kama bwana harusi na joho. Alipiga magoti, akatambaa mpaka mlangoni, akarudi. Aliinua mkono wa kushoto juu ya kichwa, ule ambao nilikuwa sijauona ukipita sikio. Aliketi kitako, akajishika kifua pale ilipolala ala, akakaa hivyo.

Langoni hakupelekwa. Alifuata wanyama mpaka zile ruhusa zilipoondolewa, na kila alipoteremka mjini alipita kuniletea asali ya kwao, na kunitania kwamba sisi watu wa Mji wa Kale hata mbuzi twamchinja tukiangalia pembeni. Nami wakati wote huo sikukata mkoba wa msahafu. Walimu walipokuja niliwaelekeza kwa fundi mwingine, kijana niliyemfundisha mwenyewe. Wengine walidhani nimekuwa mvivu. Mmoja alidhani nimeacha kuswali.

Fundi Mkuu alifariki miaka ya tisini ikielekea mwisho. Siku ya hitma, ya kumsomea Kurani, mwanawe mkubwa alinijia na msahafu wa baba yake, ndani ya mkoba ambao mzee aliushona mwenyewe kabla sijazaliwa. Mkanda ulikuwa umeoza, umekatika mikononi mwao walipoutoa. Alitaka niushone upya kabla ya laasiri, kwa mkato uleule.

Nikamwambia siwezi.

"Baba alikuwa akisema wewe ndiye mwanawe wa kazi," akasema. "Leo ndiyo umekosa nafasi?"

"Nafasi ninayo, bwana. Upeleke kwa yule kijana niliyemfundisha, ataufanya vizuri."

Akauchukua, akaenda. Tangu siku ile tukikutana hunisalimu kwa mdomo tu. Nikafikiri nimfuate nimweleze, lakini jambo tulikuwa tumelipanga mimi na babake, na babake hakuwapo kunishuhudia. Katana naye sikumwambia. Ningemwambia nini, kwamba ile ala ina uzito asiousikia?

Sasa nimestaafu. Vidole haviingizi uzi tena. Watu huniuliza kazi gani niliyoifanya vizuri kuliko zote, wakitarajia niseme jambia la harusi ya fulani. Nasema ala ya bastola ya Katana, na hawaniulizi tena, kwa sababu mjini hapa si jibu la mzee.

Laasiri ile ya hitma niliketi na wengine sakafuni, tukagawiwa juzuu za kusoma. Msahafu wa Fundi Mkuu ulipitishwa ndani ya mkoba wake, mkanda mpya, kazi safi ya yule kijana. Ulipofika kwangu niliupokea kwa mikono miwili, nikauinua mpaka kifuani, nikapapasa ile pete ya shaba iliyo nyuma. Kisha nikampa aliyekuwa kando yangu, nikafungua juzuu yangu, nikaanza kusoma.