Bima ya Nyumba na Pipa la Pombe

Kila mwaka, miezi miwili kabla ya mvua, kampuni ya bima hunikumbuka kuliko watoto wangu wanavyonikumbuka. Hunitumia barua. Mwaka wa kwanza barua ilikuwa na maneno mengi na ada ndogo. Siku hizi maneno yamekonda na ada imenenepa.

Nyumba yenyewe iko Ihumwa, na sikuijenga kwa akili yangu. Shamba langu la mtama lilipimwa likaingia kwenye ramani ya mji, nikalipwa fidia, na binti yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu, akanikalisha chini kabla sijaenda mnadani kuimalizia kwenye ng'ombe. Akasema, baba, jenga. Nikajenga: matofali ya kuchoma, bati jekundu, madirisha ya vioo. Nilikuwa na beberu mmoja alikuwa akijiona kwenye kioo cha sebuleni anadhani ni mpinzani wake, akavunja vioo viwili. Tulimla Pasaka. Lakini nilikuwa nazungumzia bima.

Binti huyo huyo ndiye aliyeileta. Akanieleza kwamba moto ukiunguza, upepo ukiezua, mwizi akivunja, kampuni inalipa. Nikamuuliza, na visipotokea? Akasema basi, hapo unamshukuru Mungu. Nikaona huu ni mchezo ambao ili nishinde mimi lazima niungue kwanza. Lakini shamba lilikuwa limeshakwenda, na nyumba ile ndiyo kitu pekee cha thamani tulichobaki nacho mimi na mke wangu. Ikianguka hatuna pa kupata nyingine. Nikatia kidole gumba, maana saini yangu hunichukua nusu saa.

Mwaka wa pili ada ikapanda kwa sababu thamani ya nyumba imepanda. Mimi sikuwa nimeongeza hata msumari. Mwaka wa tatu ikapanda kwa sababu ya mafuriko. Mafuriko, Dodoma! Mtama wangu nyuma ya nyumba unakufa kwa kiu, na mimi nalipia nisizame. Mwaka huu wakasema majirani wamejenga majumba makubwa, wezi wameijua njia ya huku, kwa hiyo hatari imeongezeka. Jirani atajirike yeye, nilipe mimi. Ada ilifika bei ya ng'ombe mtamba mzima, na mtamba niliyekuwa naye ni mmoja.

Nikaenda mjini ofisini kwao. Binti wa mezani alikuwa na adabu sana, na hilo huniudhi, kwa sababu mtu mwenye adabu huwezi kumgombeza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nimekuja kuuliza nyumba yangu imefanya kosa gani."

"Haijafanya kosa babu. Hatari ndiyo imepanda."

"Na ile tembe yangu ya zamani, ya uani, mbona hamuihesabu?"

"Tembe hatuikatii bima, babu. Udongo siyo jengo la kudumu."

"Ile isiyo ya kudumu nilimwolea mke wangu humo. Hii ya kudumu ina ufa, na haijatimiza miaka sita."

Akaandika neno "ufa" kwenye karatasi yake. Nikajuta. Akaniambia nina wiki tatu za kuamua. Nikichelewa mkataba unakufa, na nikirudi nitakuwa mteja mpya.

Nilirudi nyumbani nimeshaamua kuacha. Mke wangu alikuwa anapepeta mtama.

"Na bati likiezuliwa?" akauliza.

"Watu wapo."

"Watu gani, mzee?"

Nikamkumbusha mwaka ule tulipokuwa wachanga kwenye ndoa. Mvua ilinyesha wiki nzima, udongo wa paa la tembe ukanywa maji mpaka boriti zikashindwa, paa likashuka. Yeye alitoka na mtoto kifuani, mimi nikatoka na ngozi ya kulalia, na mpaka leo hajanisamehe. Lakini watu walikuja bila kuitwa. Wengine na shoka, wengine na fito, na siku ya pili jioni tukawa na paa. Pombe yao waliidai baadaye, baada ya mavuno, na waliidai kwa kelele kweli.

"Nitajie waliokuja," akasema.

Nikaanza kuwataja. Wa kwanza amekufa. Wa pili amekufa. Wa tatu alihamia Mtera kwa mwanawe anayevua samaki, na nasikia haoni tena. Nilipofika wa sita nikaacha kuhesabu.

"Haya," nikasema, "tupime basi. Paa la tembe linahitaji udongo mpya kabla ya mvua. Nitaita watu kwa pombe, kama zamani. Wakija kufanya kazi, bima naiacha. Wasipokuja, nauza mtamba nalipa."

Mke wangu akaniangalia. "Pombe utapika wewe?"

Alipika yeye. Aliuloweka mtama ukaota, akauanika, akausaga, akajaza pipa zima, na siku zote hizo hakunisemesha zaidi ya ilivyo lazima.

Mimi nikaenda kuita. Zamani ulikuwa unakohoa uani mwa mtu, anatoka. Siku hizi unabonyeza kengele, mbwa anakujibu, halafu msichana wa kazi anachungulia kwenye geti anasema, "Mzee, mkaa hatununui." Lakini wenyewe walipotoka walinipokea vizuri. Wengi wanafanya kazi serikalini, walihamishwa na makao makuu, ni watu wa mikoa mbalimbali. Wote walisema watakuja Jumamosi. Mmoja wao, mwenyekiti wa kundi la mtaa la kwenye simu, alisema ataweka tangazo, na akaniuliza kama pombe ina sukari.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa nimechimba udongo wa kichuguu, nimeazima ngazi na makarai manne. Jua likatoka, likapanda. Simu yangu ndiyo iliyokuwa na watu. Kila mara inalia, na mke wangu, ambaye anasoma kunizidi, ananisomea: "Tuko pamoja sana mzee." "Kazi njema mzee." Mwingine alituma picha ya mikono miwili iliyoshikana. Nikamwambia iulize hiyo mikono kama inaweza kubeba karai.

Saa nne gari likasimama. Akashuka mwenyekiti, shati jeupe, daftari kwapani.

"Shikamoo mzee. Wazo lako limetugusa sana. Tumekaa kama kamati."

"Marahaba. Mmekaa lini?"

"Jana, kwenye simu. Tumeona tusisubiri majanga. Kila nyumba itoe mchango mdogo kila mwezi, ili mtu akipata tatizo la nyumba asaidiwe."

"Mchango utabaki huo huo?"

"Mwanzo. Baadaye tutaangalia hali inavyokwenda."

"Na nikiezuliwa bati, nani ataamua kama nasaidiwa?"

"Kamati itakuja kukagua, mzee."

Mke wangu akageukia pipa akaanza kulikoroga, na pombe ile haikuwa inahitaji kukorogwa. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Na udongo wa leo?" nikauliza.

"Udongo gani, mzee?"

Akaondoka kuwahi kikao cha harusi. Nikabaki na kichuguu changu.

Saa tano akaja mmoja kwa miguu. Ni mtani wangu, Mnyamwezi, mstaafu wa reli, tuna umri mmoja na goti lake la kulia halikunjiki. Alianza kelele akiwa bado njiani.

"Wewe Mgogo! Umeomba njiani maisha yako yote, leo umekaa kwako unaomba nini?"

"Nimeomba Mnyamwezi mwenye nguvu. Naona waliishiwa, wakanipa wewe."

"Nilisikia pombe imepikwa, nikajua umekufa, nikaja kukuzika. Kumbe uko hai! Umenitia hasara."

"Panda ngazi, utakufa wewe tukuzike kwa pombe hii hii."

Akavua shati. Nilitaka kumzuia, lakini mtani humzuii. Akabeba karai la kwanza, la pili, na la tatu. La nne lilimkwamia katikati ya ngazi, mguu ule mbovu ukakataa kwenda juu na ukakataa kurudi chini. Tukamshusha mimi na mke wangu, kipande kipande, huku anatutukana. Akakaa kwenye gogo, kifua kinakwenda kama mvukuto wa mhunzi.

Nikapanda mimi. Nilisambaza udongo wote tuliokuwa tumepandisha, nikaukanyaga vizuri. Ulitosha eneo la mkeka mmoja. Nikiwa pale juu niliona bati langu jekundu lilivyo pana, nikamtazama mtani wangu alivyoinama kwenye gogo.

"Lile bati likiondoka," akasema bila kuinua kichwa, "usiniite."

"Sikuiti."

"Nitakuja. Lakini usiniite."

Saa kumi wakaja majirani wote. Sikutegemea watu wengi vile. Walikuja na wake zao, na mmoja alikuja na glasi yake kutoka nyumbani. Walisifu pombe, walisifu utamaduni, walipiga picha na ngazi. Mwenyekiti akatoa hotuba fupi kuhusu umoja, pipa likaisha.

Jumatatu nilimpeleka mtamba mnadani, na kesho yake nikawa mbele ya binti mwenye adabu.

"Babu, nilidhani umeacha."

"Niliita majirani kwanza."

"Wakasemaje?"

"Wamekunywa."

Akacheka, akagonga muhuri. Ule ufa aliuacha kwenye karatasi, nao umenigharimu kidogo juu ya ada. Mchango wa kamati pia nautoa, maana asiyetoa wanamtoa kwenye kundi, na mke wangu amezoea kunisomea mambo yao jioni. Kwa hiyo nyumba kubwa ina bima mbili. Tembe haina hata moja. Udongo uliobaki tuliupandisha mimi na mke wangu, siku nne, karai moja moja, na siku ya nne mtani alikuja na kiti chake, akakaa kutuelekeza.