Mguu wa Mama wa Mapacha

Nina mashine mbili za kukoboa mpunga Ifakara na moja Mlimba, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Shule niliachia darasa la nne. Nilianza kwa kubeba magunia pale stesheni ya Mlimba, magunia ya lumbesa, yale yanayojazwa mpaka yanaota kichwa, na nilikuwa nayapandisha mgongoni peke yangu wakati wenzangu wanaitana wawili wawili. Nasema hivi ili msomaji ajue ni mgongo wa aina gani ulioharibika.

Uliharibika wakati wa mavuno, uani kwangu Lumemo, hapo hapo Ifakara. Vibarua walikuwa wanalilalamikia gunia moja, nikawaambia wakae pembeni wamtazame mwenye mashine. Nililifikisha kwenye lori, hilo lieleweke. Ila wakati nalitua kitu kilikatika kiunoni kama kamba, moto ukashuka takoni, pajani, mpaka kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Haukupita muda mguu ule ukaacha kunisikia. Kandambili ilikuwa inanivuka mguuni naiacha nyuma, naendelea peku bila kujua, mpaka mtu aje kunikabidhi kiatu changu mwenyewe. Nilikuwa nautazama ule mguu kwa kinyaa, kama samaki wa juzi.

Sikwenda hospitali. Mgongo ni mgongo, nilisema, utarudi. Nikapakwa mafuta ya kondoo yaliyoganda, yanayonuka mpaka inzi wakanifanya ndugu yao. Yaliposhindwa, ikasemwa nikanyagwe.

Kwetu mwanamke aliyezaa mapacha mguu wake ni dawa ya mgongo. Unalala kifudifudi juu ya mkeka, anakupanda, anakikanyaga kiuno, anashuka. Dada wa mke wangu ana mapacha, na mwili anao. Wakulima wanamwita, hata wenye maduka pale barabarani wanavua kofia zao wanalala. Akaja, akavua ndala, akanitania kwamba siku zote natembea kifua mbele, leo kifua kitaonja vumbi. Akapanda.

Nilisikia kitu kikisogea ndani. Kisha nikasikia joto chini ya tumbo, nikadhani kuna mtu kamwaga chai. Ulikuwa mkojo wangu. Unatoka wenyewe, na mimi siwezi kuukata.

"Huo ni ugonjwa unatoka, shemeji," akasema, bado kasimama juu yangu. "Usione aibu."

Alikuwa anaamini anachosema. Mke wangu hakuamini. Alinifunika kanga, akaenda kuita gari.

Hospitalini daktari alinigusa na pini sehemu ambazo sizitaji, akauliza kama nasikia. Nilikuwa nasikia kwa mbali, kama mtu anagusa suruali ya mwingine. Wakaniingiza mpira wa mkojo, wakanipakia gari la wagonjwa kwenda Dar. Njia nzima ule mfuko ulikuwa unaning'inia pembeni ya kitanda, unacheza kwenye kila tuta, na mke wangu kauelekezea macho kama anaangalia sufuria isichemke ikamwagika. Mguu ningesingizia ajali. Mkojo ningesingizia nini? Nilijiona nimekaa uani kwangu nanuka, vibarua wanahamia upande upepo unakotoka. Kama ni hivyo, nilimwambia mke wangu, bora nisirudi Ifakara. Akaniambia ninyamaze.

Daktari wa mgongo alikuwa mwanamke, umri wa binti yangu wa kwanza. Alinionyesha picha. Katikati ya pingili kuna mito midogo, na wangu mmoja ulikuwa umepasuka, utumbo wake umechomoza nje kama tyubu inapotokea kwenye tairi lililochanika, unabana mishipa ya fahamu inayokwenda mguuni na kwenye kibofu. Hilo nililielewa mara moja; magari ninayo.

Akasema hataufungua mgongo wote. Atapitisha bomba jembamba kwenye tundu dogo, atazame kwa kamera, akitoe kile kipande. Nikaona ananidharau. Nikamwambia mgongo huu umebeba mpunga wa bonde zima, apasue upasuaji wa mtu mzima, asinifanyie wa kutoboa masikio.

"Tundu linatosha, mzee."

"Mimi si mzee. Na mkojo?"

Hakujibu haraka, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. "Mguu naamini utarudi," akasema. "Mkojo siwezi kukuahidi. Tukiwahi leo, una nafasi."

Nilipozinduka kutoka kwenye nusu kaputi niliomba nionyeshwe walichotoa. Walikuwa wamekiweka kwenye kichupa. Nilitegemea kitu cha maana, mfupa, jiwe. Kilikuwa kama gegedu la mguu wa kuku ambalo mtu kalitafuna, likamshinda, akalitema. Yaani hicho ndicho kilichoniangusha mimi. Nikatapika, na sidhani ilikuwa dawa ya usingizi peke yake.

Moto wa mguuni ulikuwa umezimika. Nikatembezwa hatua chache mpaka ukutani na kurudi. Lakini kila mtu alikuwa anasubiri kitu kimoja. Wakatoa mpira, muuguzi akanipa jagi la plastiki, akafungulia bomba la maji ili mwili ukumbuke. Nikakaa. Mwanaume mwenye mashine tatu, kashika jagi, anasikiliza maji. Ulipoanza kutoka nilijaribu kuukata katikati. Ukakatika. Nikauachia, nikaukata tena.

"Hongera, baba," muuguzi akasema, akalibeba lile jagi kwa furaha kana kwamba ni mtoto. Na mimi nilikuwa nimefurahi, ndilo linalonichefua mpaka leo.

Nilirudi nyumbani na kovu ambalo hata mimi mwenyewe ukinionyesha nitalipita bila kuliona. Watu wakaja kunipa pole, wakaomba kuliona, wakainua shati langu, wakatazamana. Dar nzima, kwa kidoti hiki? Mji ukaamua kwamba sikupasuliwa; shemeji alinikanyaga, ugonjwa ukatoka, nikaenda Dar kupumzika. Wateja wake wakaongezeka. Nilinyamaza, kwa sababu kumkanusha ni kueleza kilichotokea mkekani.

Hivi karibuni mkulima wa Namawala alileta mpunga wake kukoboa. Nilimwona anavuka ua, kandambili moja imebaki nyuma yake, na yeye anaendelea kutembea. Vibarua walishamtandikia mkeka kando ya lundo la pumba. Shemeji kaitwa, anavua ndala. Mkulima kalala, ananitazama kwa matumaini, kwa sababu mimi ndiye mfano.

Nikamwambia ainuke. Akasema, "Bosi, si ndiyo iliyokuponya wewe?"

Walikuwepo vibarua wote, wapanga foleni, mama wa chai, dereva wa lori.

"Alivyonikanyaga nilijikojolea," nikasema. "Palepale mkekani, kama mtoto. Wakaniingiza mpira wa mkojo, wakanitoboa mgongo Dar. Bila hivyo ningekuwa nakojoa ovyo mpaka sasa. Inuka."

Mtu mmoja alicheka, wengine wakamfuata. Shemeji hakucheka, alivaa ndala zake akaondoka bila kuniaga, na hatusalimiani vizuri tangu siku hiyo. Mkulima aliinuka taratibu, kashika kiuno. Nikamwambia dereva ashushe magunia, ampeleke hospitali na lori. Wakati anapanda nilimwona anaitazama suruali yangu, mbele, kwa kinyaa kile kile ninachokijua.