Wapangaji Hawamjui Mwenye Ploti

Naikumbuka siku moja hapa mtaani Mowlem, mwanangu, enzi za ujana wangu, nilipokuwa naandika programu na kujiona fundi kamili. Nekesa, jirani yangu, aligonga mlango asubuhi. Alikuwa kibarua wa kiwanda kule Industrial Area. Programu yetu ndiyo iliyowaita vibarua kwa ujumbe wa simu. Asiyeitwa alikaa nyumbani.

"Mbona leo hamkuniita? Nafasi yangu amepewa mtu aliyesimama getini. Sasa watoto wangu watakula hiyo programu yako?"

Nilikimbilia kompyuta. Zana tuliyotumia kutuma ujumbe ilikuwa ya watu wengine, na wenyewe walikuwa wameizima. Nilifika kazini nikiwalaani. Mama Achieng, mkubwa wetu, aliniacha nimalize, kisha akataka kujua zana hiyo imeshika wapi katika kiunzi cha programu yetu. Lo! Ilikuwa kila mahali: kwenye zamu, kwenye malipo, hata kwenye ukurasa wa kuingilia. Kuing'oa kulituchukua majuma. Muda huo wote Nekesa alirauka kwenda kubahatisha getini. Iliniuma, sitaficha.

"Huko unakokaa," Mama Achieng aliniuliza, "unamjua mwenye ploti?"

"Simjui. Namjua keateka, ndiye anayepokea kodi."

"Na ploti ikiuzwa kesho?"

"Nitaendelea kumpelekea keateka."

"Kumbe unajua! Halafu hapa kila kipande cha programu umekifunga kwa hiyo zana, kama kumfunga kila mpangaji kwa mwenye ploti. Nguo ya kuazima haisitiri matako, kijana."

Tulijenga upya kwa vipande. Kipande kimoja tu ndicho kilichoijua zana mpya tuliyochukua. Vingine vilikiambia kipeleke ujumbe, basi, vikaendelea na shughuli zao. Baadaye zana hiyo nayo ikafa, maana za watu ndivyo zilivyo. Tulibadilisha kipande kile kimoja, chai haijapoa. Kesho yake Nekesa alinipita kwenye ngazi akikimbilia kazini. "Niaje, jirani!" Hakuwa na habari kwamba kuna kitu kiliharibika.

Sikwambii uzikatae zana za watu, mwanangu. Hata Mama Achieng hakujiundia kompyuta. Nakwambia kila cha kuazima kiingie kwa mlango mmoja, na mlango huo uwe wako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na atakayelala nje ukijenga si wewe.

Mungu aibariki mikono yako, akujalie kazi ambayo Nekesa wako hatalazimika kuijua.